Watu Walio Karibu Naye

Kagarama, Kigali
14 Juni

Mpendwa dada Kayitesi,

Pokea salamu zangu, na pole tena kwa msiba. Natumaini huko Arusha mmeamka salama, na homa ya mwanao Hirwa imeshuka tangu ulipomkimbilia mara tu baada ya maziko. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Jumamosi tuliondoa matanga, gukura ikiriyo kama wanavyosema hapa. Mjomba wako Kabera alinikalisha upande wa mabinti wa nyumbani, akasema mimi ni wewe mpaka urudi. Vinywaji vilipoanza kugawiwa, Épiphanie akaingia. Unajua alivyokuwa kwa mama yako: katibu wake tangu kampuni ya maziwa ilipokuwa chumba kimoja, na ndiye aliyekuwa akimwekea chakula mezani na kusimama hapo mpaka ale. Mjomba alimfuata mlangoni. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Aliyemuuza dada yangu kwa magazeti hanywi nasi."

Wewe unajua maana ya kunyimwa kinywaji siku hiyo. Ni kuambiwa kifo kile kina mkono wako. Épiphanie hakujitetea. Alimsalimia bibi yako, akatoka. Kazini nako wameshamsimamisha.

Yote ni kwa sababu ya ile habari ya Machi: kwamba mama yako, mkurugenzi mkuu, analala ofisini, anasahau majina ya wakuu wa idara, na alianguka kwenye ngazi akitoka kikaoni. Gazeti lilisema limeambiwa na "watu walio karibu naye". Badala ya kumpumzisha, bodi ikamtaka aonyeshe kuwa ni mzima: safari, hotuba, picha. Mwezi Mei moyo wake ukasimama.

Msibani uliniuliza kama namfahamu huyo "Mwandishi Wetu" aliyeiandika. Nilikujibu kwamba ni wa dawati jingine pale gazetini kwetu. Kayitesi, ni mimi.

Na hao watu hawakuwa watu. Alikuwa mama yako peke yake. Aliniita garini kwake. Alikuwa amevua viatu, miguu imevimba. Alisema mkubwa hapa hawezi kutamka kwamba amechoka, wataona hafai. Alisema kila Jumapili alikuwa akikwambia kwa simu kuwa hajambo, na hakujua tena aanzie wapi kukwambia vingine. Alisema labda mkisoma kwa wengine, mtamlazimisha apumzike. Nilimuuliza niandike nani amesema. Akacheka kidogo. "Andika watu walio karibu nami, mwanangu. Wakiwatafuta hawatampata mtu."

Nilimwapia kwamba sitamtaja. Nilidhani kumficha mmoja nyuma ya wengi hakumuumizi yeyote; sikujiuliza nani mwingine alikuwa karibu naye. Kazini tumefundishwa kwamba kiapo hakifi na aliyekidai. Lakini Épiphanie yu hai, na siku ile mimi nilikunywa glasi yangu yote kabla hajafika getini.

Kesho nitakwenda kumwambia mjomba. Nimetaka wewe ulisikie jambo hili kwanza, na ulisikie kwangu. Usiponijibu nitaelewa. Ila mpigie Épiphanie. Hana anayemwita tangu Jumamosi.

Mpakate Hirwa kwa niaba yangu, umsalimie na baba yake. Mungu awalinde.

Ni mimi,
Mahoro