Haragwe Jeupe la Mama Nekesa

Bungoma, Jumatano, 2006

Lile kopo la maharagwe bado linanisumbua. Mwezi uliopita niliwachanganyia akina mama wa kanisa maharagwe meupe mengi na mekundu machache, kila mmoja atoe moja bila kuangalia. Jekundu lilikuwa mama anayevuja damu vibaya akijifungulia nyumbani. Nilitaka waone kwamba hakuna anayejua itakuwa nani. Walicheka, nikadhani wameelewa.

Leo nimepita kwa Mama Nekesa, ambaye amebakisha wiki chache tu ajifungue. Nikamuuliza kama amejipanga kwenda hospitali.

“Ya nini, mwalimu? Si mimi nilitoa nyeupe?”

Nikamweleza kwamba ule ulikuwa mfano tu, na akitoa tena anaweza kupata jekundu. Kopo nilikuwa nalo kwa mkoba. Nikamsihi ajaribu.

“Hapana. Mungu haulizwi mara mbili.”

Jibu hilo mimi ndiye niliyemfundisha, kwa kopo langu. Afadhali ningemwaga kopo lote mezani, wayaone yote pamoja, badala ya kila mtu kwenda na lake...

Akafungua fundo la leso, akanionyesha lile haragwe. Nikamwomba anirudishie.

Akafunga tena, akavuta fundo likakaza.