Samahani Yenye Mkia

"Samahani, lakini hata wewe ungekuwa mimi ungeshuku!"

Mwenzangu, hivyo ndivyo jirani yangu fundi cherehani alivyoniomba msamaha! Jana kaniita mwizi wa shuka mbele ya wapangaji wote. Leo shuka lake limeonekana nyuma ya tangi, limepeperushwa na upepo!

Nikamwambia, "Itoe hiyo lakini."

"Samahani, ila..."

"Na ila pia!"

Wapangaji wametega masikio. Mwishowe akasema, "Samahani, jirani." Akanyamaza!

Yaani akanyamaza kabisa! Hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Nikamkodolea macho nikisubiri mkia. Haukuja.

Nikasema, "Nimekusamehe, lakini..."

"Enhe! Lakini nini?"

Nilikuwa na orodha ndefu, mwenzangu. Nikaimeza.

"Lakini chakula kinapoa. Ingia tule."