Pingamizi la Baba Widad

Baba Widad,

Samaki wa kupaka yumo kwenye sufuria ndogo, mfunike ili paka asimle. Maji yakija, jaza mapipa.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya kaunti kuulizia ruhusa yetu ya kufungua njia ya gari hadi barabara kuu. Karani akanionyesha barua ya pingamizi. Mwandiko wako! Ati magari yatagonga watoto. Sema kweli: njia ingepita pale ulipoweka benchi lako la kuchezea bao. Mimi miaka minne navuka barabara ile na masufuria ya pilau za watu, kwa kuwa gari halifiki mlangoni. Na leo alfajiri uliniombea dua nifanikiwe, nikaitikia amina.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kwa dada yangu Watamu. Benchi nimelibeba hadi barabarani, nikalipakia kwenye tuktuk. Kahawa imo kwenye dele. Inywe umesimama.

Mkeo, Mama Widad