Meno Mafupi, Maji Ndani

Isingiro, Jumamosi alasiri, Septemba 1957

Mawingu yamejikusanya upande wa Bugomora tangu adhuhuri, lakini mvua bado haijaamua. Mimi nimeshaamua. Nimekaa barazani na daftari hili, mikono inanuka grisi ingawa leo sikugusa trekta hata kidogo. Leo nilikuwa mtu wa maneno tu.

Niandike bila kuzunguka: asubuhi nimesimama mbele ya kamati ya chama chetu cha wakulima nikayakataa matairi ambayo wiki mbili zilizopita niliyasifu mimi mwenyewe, mbele ya watu walewale.

Haikuwa raha. Lakini kama kuna mtu huku anayeyajua matairi, ni mimi, na anayejua ndiye mwenye wajibu wa kusema amekosea. Asiyejua atasemaje?

Trekta letu ni dogo, lina ndoo ya chuma mbele ya kuchotea na kunyanyulia mzigo. Chama kililinunua ili lipeleke samadi kwenye vibanja vya wanachama, haya mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu, kwa zamu, kabla mvua hazijakolea. Bila samadi hakuna migomba, na bila migomba hakuna sisi. Lilifika miezi miwili iliyopita likiwa na matairi vipara, likateleza hata kwenye umande. Tukaazima matairi mengine kwenye machimbo ya bati, tuyajaribu kwanza, kisha tuagize ya kwetu Bukoba. Agizo ni moja tu. Ukikosea utaishi na kosa lako mpaka mpira uishe.

Ya kuazima niliyachagua mwenyewe, yenye meno marefu. Vitani niliendesha lori la jeshi kwenye tope la kufika magotini, na huko nilijifunza kwamba meno marefu ndiyo yanayokurudisha kambini. Nililisema hilo kwenye kamati kwa sauti ya mtu aliyevuka bahari. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Nani angebisha?

Jumanne ilikuwa zamu ya Ma Theofilda. Ni mjane, na kibanja kile ndicho kila alicho nacho: ndizi za kula, mibuni michache katikati ya migomba, na kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imepita asubuhi. Nilijaza ndoo samadi mpaka ikafurika, nikaingia. Mzigo ulipoelemea mbele, trekta likawa jepesi nyuma, magurudumu makubwa yakazunguka bila kwenda popote. Meno yakatafuna nyasi zilizotandazwa chini ya migomba, yakaendelea kushuka. Nikakanyaga mafuta, nikachomoka. Nilipogeuka niliona udongo mweusi umepinduka vizuri na, nisijifiche hapa, nilifurahi. Niliona nimemlimia bure.

Nimezaliwa Muleba, ndani ya kibanja. Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba mizizi ya mgomba iko juujuu, chini tu ya nyasi, na ndiyo maana mama zetu hupalilia taratibu kwa jembe dogo. Mtoto akiingia kibanjani na jembe kubwa huchapwa. Mimi niliingia na jembe lenye injini, nikatoka napiga mluzi.

Alhamisi ukavuma upepo. Migomba mitatu ya Ma Theofilda, yote ikiwa na mikungu, ikalala.

Jana akaja hapa nyumbani na kikapu kichwani. Nilimwona tangu njiani, nikaanza kupanga maneno ya kujitetea: upepo, mvua, udongo. Hayakupata kazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akaketi mkekani, akampa mke wangu Jeneroza chakula kilichofungwa kwenye majani ya mgomba, bado cha moto.

"Huyu bwana alinifanyia kazi Jumanne akaondoka bila kula," akasema kwa heshima. "Nimemletea, waitu."

Zilikuwa ndizi za mikungu ile iliyoanguka. Changa, nyembamba kama vidole vya mtoto, zimejaa ukakasi. Ma Theofilda alitulia pale, mikono mapajani, akisubiri nile.

Nikala zote.

Nimewahi kufokewa na sajenti kwa lugha nisiyoijua, na haikuniingia kama ukimya wa mama yule. Aliponyanyuka kuondoka alisema trekta lisikanyage tena kwake. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Na njia ya kwenda vibanja sita vya nyuma inapita kwake. Maana yake wenye vibanja sita hawatapata samadi kabla ya mvua, na sababu ni mimi.

Alipoondoka nilikwenda kwenye banda la chama nikapiga magoti kando ya trekta kama mtu anayesali. Kwenye uso wa tairi la nyuma bado kulikuwa na mizizi imenasa kati ya meno, myeupe, imekauka kidogo. Niliichomoa mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipoona vizuri. Nilikuwa nimechagua tairi la safari niliyoifanya zamani, wala si la kazi ninayoifanya sasa.

Basi leo kwenye kamati nikaeleza. Nyuma tuweke matairi mapana yenye meno mafupi, yanayokanyaga bila kuchimba. Na kwa kuwa mzigo wa mbele ndio unaoinua mgongo wa trekta, matairi hayo ya nyuma tuyatie maji ndani, madebe manane hivi kila moja, yawe mazito yasizunguke ovyo. Mbele tusiweke tairi jembamba la kawaida, tuweke lenye mpira mnene wa tabaka nyingi, maana ndilo linalobeba ndoo na samadi yote.

Walicheka kwenye habari ya maji. Mzee mmoja aliuliza kama tairi nalo linapewa chumvi pia, kama ng'ombe. Nikawaacha wacheke, nikawapeleka bandani penye trekta, nikawaonyesha kwa kidole pale kwenye valvu maji yanapoingilia, na jinsi gurudumu linavyoinuliwa kwa jeki valvu ikiwa juu. Nilisema maji nitayabeba mwenyewe kutoka bondeni, kina mama wasiongezewe mzigo mwingine. Kicheko kikapungua.

Laurenti, karani wetu, hakucheka. Ni mtu makini, na kwa kweli swali lake lilikuwa la haki.

"Tairi ni jembe la trekta," alisema. "Ukiniletea jembe butu, mvua zikija litakwama mteremko wa kwanza, na watu watauliza nani alilichagua."

"Hatulimi, Bwana Karani," nikamjibu. "Tunapita kwenye mashamba ya watu."

Nikakiri kwamba kwenye tope zito meno mafupi yatateleza, sikuficha. Siku hizo tutafunga minyororo kwenye magurudumu, barabarani tu, au tutalaza trekta. Kisha nikasema neno ambalo sasa nikiliandika naliona kubwa: likinikwama ndani ya kibanja cha mtu mvua hizi, ufunguo nauweka mezani, watafute dereva mwingine. Nina watoto wanne na kazi hii ndiyo inayowasomesha. Lakini sikulirudisha neno. Mtu asipoweza kusimama juu ya matairi aliyoyachagua, atasimama juu ya nini?

Wakakubali. Laurenti mwenyewe ndiye aliyeandika agizo, kwa mwandiko wake mzuri, na lori la Jumatatu litalipeleka Bukoba.

Wakati wa kurudi nilipitia kwa Ma Theofilda. Alikuwa anapukusa maharage uani. Nilimweleza yote, meno, maji, tabaka, kama nilivyoieleza kamati, labda vizuri zaidi. Nikaomba njia kwa ajili ya wale sita wa nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono.

"Kibanja chako kimeshapata samadi ya trekta, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Basi hayo mapya yakija yaanzie kwako. Nitakuja kutazama. Yasipoangusha kitu, yapite hapa."

Nikasema sawa.

Njia nzima nimelitafuna swali lake. Vibanja tisa nimeingia na trekta. Changu bado. Kila zamu yangu ilipokaribia niliisogeza mbele, nikisema mpishi hula mwisho, na kamati ikanisifu kwamba sijipendelei. Nami nikapokea sifa. Lakini samadi ya kwangu imekuwa ikienda, ndoo kwa ndoo, kwa toroli, nasukuma mwenyewe jioni. Mtu anayeyaamini matairi yake hasukumi toroli.

Nilijua.

Sikujua kwa kichwa, lakini miguu yangu ilijua, na mikono iliyoshika toroli ilijua, tangu siku ya kwanza nilipoona meno yale yanavyouma ardhi. Nilikubali yaume kwa wengine. Hilo sikuiambia kamati, na sijui kama nitaiambia. Hapa angalau limeandikwa.

Sasa haya mapya sina shaka nayo. Nimeyapima na kuyafikiria kwa kazi yake, na nitayaingiza kwangu nikiwa nimenyoosha mgongo. Yatapita kwenye mstari ule wa kati, migomba aliyoipanda Jeneroza mwaka tulipohamia, minene kuliko yote, hakuna njia nyingine ya kufika katikati. Ma Theofilda atakuwa amesimama pembeni anatazama.

Jeneroza mwenyewe yuko humo kibanjani sasa hivi, nasikia anatandaza nyasi. Bado hajui nimeahidi nini. Nafunga daftari, naenda kumwambia.