Maua Niliyowasingizia Kuku

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi. Binti yetu kajifungua mtoto wa kike, na mzazi bila mama yake ubavuni hapumui. Atakaa huko mwezi, labda na zaidi. Maagizo aliyoniachia ni mengi kuliko niliyopewa siku naanza kazi! Gesi. Komeo la mlango wa nyuma. Dawa ya presha, na niinywe, nisiitazame tu. Bustani nimwagilie jioni, maji yaende kwenye shina, si kwenye majani. "Na maua yangu usiyaguse, Mzee." Nikamwambia aende salama, mimi si mtoto.

Nyumba kimya. Tangu nistaafu sijawahi kubaki nayo peke yangu. Nimezunguka chumba hadi chumba, nikazima taa ambazo hazikuwa zimewashwa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeikagua bustani. Lo! Miaka yote nilikuwa naipita tu nikikimbilia kazini, kumbe mambo yenyewe ndiyo haya. Hakuna mstari hata mmoja. Nyanya, halafu maua ya marigoldi, halafu nyanya mbili zimekumbatiana, halafu marigoldi tena. Matango yamepanda juu ya alizeti kama watoto juu ya mjomba. Pembezoni kuna vijiua vya zambarau ambavyo jina lake silijui, vimejiotea vinavyotaka. Na harufu ya hizo marigoldi — kali, inapanda mpaka kwenye utosi.

Mimi ni mpima ardhi. Nimegawa viwanja, nimenyoosha barabara, watu wamegombana mpaka wakashikana mashati nikawaamua kwa kamba tu. Halafu nyuma ya nyumba yangu mwenyewe pana shaghalabaghala! Isitoshe, maua yanakula mbolea ya nyanya. Hilo halihitaji shahada.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi imefanyika! Nimeamka na vigingi, kamba na futi yangu ya zamani. Marigoldi nimeng'oa zote. Alizeti nimefyeka. Vile vya zambarau vilitoka kirahisi, hata jembe havikutaka. Nimevijaza vyote kwenye magunia na kumpa mzoa taka aliyepita na mkokoteni. Pale palipobaki wazi nimepandikiza miche ya kabichi. Matango nimeyajengea uchaga wa fito, yamenyooka, yana adabu.

Nimesimama mlangoni nikatazama. Mistari imelala sawasawa, ukiweka jicho mwanzo unaona mwisho. Mgongo unauma ila moyo umetulia. Sijamwambia. Nataka aje akute.

Jumapili, 17 Machi

Picha ya mjukuu imefika. Ana paji langu, maskini. Mke wangu kauliza bustani vipi. Inapendeza, nikasema. Na inapendeza kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Sijui niandike nini. Nimegusa jani la nyanya tu, vikaruka vijidudu vyeupe, wingi wake kama mtu kakung'uta mfuko wa unga. Chini ya majani wamejaa. Kabichi zimeshikwa na vidukari, zinanata. Na matango — vitango vinatokeza, vidogo kama kidole, vinageuka njano, vinadondoka. Kila asubuhi nikienda naokota.

Nimekwenda duka la pembejeo. Muuzaji kaniuliza kama nyuki wanafika kwenye matango. Nikamjibu mimi nataka matango, asali sijaomba. Hakucheka. Akasema bila nyuki hakuna tango, na nyuki hawaji mahali pasipo na ua la kuwaita. Hapo nikakumbuka. Mke wangu alishanieleza yote haya, mezani, si mara moja. Marigoldi ziwachanganye wadudu wa nyanya kwa harufu yake. Alizeti ziwavute nyuki. Vile vya zambarau viwalishe vijidudu vyenye madoa, vile vinavyokula vidukari. Alikuwa anaongea, mimi nasema "ehee," macho yangu yako kwenye gazeti.

Sikung'oa mapambo. Nimefukuza walinzi.

Jumamosi, 23 Machi

Kapiga simu. Kwanza mjukuu: anakunywa, analala, kitovu kimepona. Halafu akasema nimtumie picha ya bustani, ameikumbuka. Nikatuma ya pembeni, inaonyesha ukuta zaidi kuliko mimea. Akapiga tena papo hapo. Marigoldi zangu ziko wapi? Pale palikuwa pamewaka rangi ya chungwa, ziko wapi?

Nikasema, "Kuku."

Neno moja. Hata sikulipanga. Lilitoka lenyewe, kama lilikuwa linangoja mlangoni. Kuku wa nani? Nikasema wa jirani, wamepitia lile tundu la uzio, wamechakura kila kitu. Nikasikia mtoto analia nyuma yake. Kisha akasema taratibu, "Yeye tena? Mwaka jana aliniahidi ataliziba tundu lile."

Nimekaa na simu mkononi mpaka kioo chake kikazimika. Nina umri wa kuitwa babu, na nimesingizia kuku!

Jumapili, 24 Machi

Jirani kaja. Mke wangu kampigia jana hiyohiyo.

Huyu jirani na mke wangu ni chanda na pete. Wamelea pamoja, wameazimana chumvi na machozi. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomkatalia kutunga uzi. Sasa anaishi kwa mayai. Asubuhi anapita na trei lake nyumba kwa nyumba, na mtaa mzima unamwita Mama Mayai.

Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, kitenge kakishikilia kifuani kwa mikono miwili. "Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Dada kanilaumu, na ana haki. Tundu lile nililiziba kwa kiroba tu, nikajua linatosha." Nikamwambia mambo madogo hayo, yamekwisha. Yamekwisha! Nikamsamehe! Nilikunja hata uso kidogo, Mungu anione, kama mtu aliyeumizwa lakini ana moyo mkubwa.

Alipoondoka nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha bafuni. Sikukaa.

Jumatano, 27 Machi

Jirani kaleta miche ya marigoldi. Kaiomba kwa shangazi yake, kaibeba kwenye beseni, mizizi kaifunga gazeti lenye maji. Akapiga magoti kwenye mistari yangu akaanza kuipanda, anapapasa udongo kwa vidole maana haoni vizuri. Nikasema niachie, nitapanda mwenyewe. Akasema la, aliyeharibu ndiye hutengeneza.

Basi nikashika ndoo, nikawa namwagilia nyuma yake. Alipofika kwenye kabichi akasimama. "Shemeji, hizi kabichi kuku hawakuzigusa?" Nikasema nilizipanda baadaye. Akasema kuku wake wana ajabu, majani ya kabichi ndiyo wanayoyapenda kuliko yote. Akacheka. Mimi pia nikacheka. Kicheko changu kilikuwa kikavu hata ndoo ikaona haya.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Udongo, maji, na yeye kapiga magoti. Ningesema tu: ni mimi. Badala yake nikamuuliza kama atakunywa chai.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimekula ushahidi.

Jirani kaleta bakuli lililofunikwa sahani. Kamchinja jogoo. Anasema huyo ndiye alikuwa kiongozi, wengine walimfuata tu, basi adhabu kaipata mkubwa wao. Kasema kwa mzaha lakini macho hayakuwa kwenye mzaha. Nikalipokea bakuli kwa mikono miwili, nikashukuru.

Nilitaka nisile. Nikaliweka bakuli mezani, nikatoka, nikarudi. Harufu ilikuwa nzuri. Nikala paja. Kisha nikala kidari. Jogoo hakuwahi kutia mguu kwenye bustani ile mwaka huu, na mimi nimemnyonya hadi mifupa. Sijawahi kujichukia huku nimeshiba.

Asubuhi hii jogoo hakuwika. Nimeamka kwa kuchelewa.

Jumanne, 2 Aprili

Nilimpigia mke wangu nikiwa nimeazimia. Nimekaa wima, nimekohoa, nimeanza, "Sikiliza, kuhusu wale kuku..." Akanikata. Akasema hataki kusikia, kila akikumbuka damu inachemka. Kisha akasema jambo lililonimaliza: kwamba angalau mimi nilikuwepo, kwamba alikuwa na wasiwasi kuniachia bustani, kumbe mwenye kumwangusha alikuwa mwingine.

Nikasema, "Wasalimie."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu mbona haiishi? Kila siku napewa kipande kingine cha kutembea.

Alhamisi, 4 Aprili

Jirani anawauza. Wote. Kanieleza kwenye uzio, sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema ataanika nguo. Kuwajengea banda la maana hawezi. Kuwafungia kwenye matenga hawatagi, wanadonoana tu. Na kugombana na dada yake kwa sababu ya kuku hataki. "Kuku nitapata wengine, shemeji. Dada sipati." Mnunuzi atakuja Jumamosi asubuhi.

Nikamwambia asiharakishe. Akasema keshampa mtu ahadi.

Wengine atawapata wapi? Na atakula nini katikati? Hayo sikumuuliza, maana jibu nalijua.

Ijumaa, 5 Aprili

Mke wangu karudi. Kanenepa kidogo, ana harufu ya mafuta ya mtoto. Nimebeba mabegi yake yote kwa mkupuo mmoja, nimechemsha maji, nimeuliza habari za kila ndugu. Ningemwongelesha mpaka kesho ili asifungue mlango wa nyuma.

Akaufungua. Akasimama. Niko nyuma yake na kikombe chake mkononi, nikiona kisogo tu. Miche ya jirani imeshika, midogomidogo. Nyanya zimekauka majani ya chini. Akashuka, akatembea katikati ya mistari polepole, mwanzo hadi mwisho, akageuka, akarudi. Akainama akaokota kitango cha njano. Akainama tena akang'oa kigingi nilichokisahau pembeni, akakigeuzageuza.

"Mzee," akasema. "Kuku hawang'oi kwa mstari."

Nilidhani atanipigia kelele, na ningeshukuru. Hakupiga. Aliniuliza kitu kimoja tu: jirani anajua? Nikatikisa kichwa. Akakaa kwenye ngazi, akaweka viganja juu ya magoti. Nikaona anayakumbuka maneno yake mwenyewe aliyomwambia mwenzake kwenye simu, moja moja, na kila moja linamrudia. Hayo nayo ni mzigo wangu, na kaubeba yeye.

"Nilimwita mzembe," akasema. "Mimi. Yeye aliyenishikia mtoto nilipokuwa nimelazwa."

Nikasema nitakwenda. Akasema ndiyo, utakwenda, na utakwenda peke yako, mimi la kwangu nitamwomba radhi baada yako. Nikasema kesho asubuhi na mapema, mapema kabisa. Alikunywa ile chai ikiwa imepoa.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimeamka kabla ya jua. Nimeoga. Nimevaa shati la kola, la mikutano ya mipaka. Mke wangu yuko jikoni, kaweka viatu vyangu mlangoni, vimefutwa.

Nimekaa kwanza nipange maneno. Nianze na salamu au nianze na kosa? Nikisema "kulitokea kutoelewana" nitakuwa nimedanganya tena. Nikisema "niliteleza" — nilitelezea wapi? Nilishika kamba, nikapima, nikang'oa, nikajaza magunia. Hakuna kuteleza hapo. Na jogoo je? Nimwambie nilimla nikijua? Huyo ndiye ananishinda. Mengine nitayasema, lakini kumwangalia usoni nikimtaja jogoo...

Pikipiki imesimama nje. Ina matenga mawili nyuma, nayaona kupitia dirishani. Mnunuzi kawahi. Jirani kamfungulia geti, kavaa vizuri, kama mtu anayepokea mgeni. Anawaita kuku kwa kuwarushia mahindi, na wanamjia wote, wanakimbia, wanamwamini.

Mke wangu kaja kasimama mlangoni mwa chumba. Ananitazama mimi, anaitazama kalamu.

Nasema nakuja, nakuja, namalizia sentensi. Tenga la kwanza limeshafungwa. Mnunuzi anamshika kuku mwingine kwa miguu, yule mwekundu anayetaga kila siku, anapiga kelele, na jirani kageuza uso pembeni asione. Hatua kumi na tano kutoka hapa mpaka getini kwake, nilishazipima zamani. Viatu nimevaa. Nimesimama, hata kiti nimekisukuma nyuma, naandika nikiwa nimesimama, na bado naandika