Ukungu wa Ukucha na Sakafu ya Kakao

Ipyana,
S.L.P. 47,
Kyela.
9 Februari 1996

Mpendwa dada Angetile,

Ugonile, dada? Mmeamkaje huko Tabora, na kifua cha baba Jubilate kimetulia? Sisi huku tu wazima. Mvua haitupi nafasi, mpunga umesimama vizuri, na mama bado anatafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe. Kitenge ulichonitumia kimefika, asante sana. Ndaga fijo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Kumbe shemeji Ambrose, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuandikia kwamba mguu wangu unaoza! Na wewe unanishauri nimwachie sakafu ya kuanikia kakao mpaka nipone. Naomba usikie na ya kwangu.

Ni ukucha mmoja tu, wa kidole gumba cha mguu wa kulia. Ulianza njano pembeni, ukawa mnene, ukawa unameguka kama mkate mkavu. Hauumi wala kidole hakijavimba. Wa kulaumiwa ni mabuti ya mpira: nashinda nayo kwenye maji ya mpunga, jioni nayavua, asubuhi nayavaa bado mabichi. Mganga wa zahanati aliutazama akasema, "Mama, hii ni fangasi. Ni ukungu tu." Nikafurahi, nikarudi nikimtangazia kila mtu kwamba kumbe ni ukungu tu.

Neno hilo, dada, kwa watu wa kakao ni kama kupiga yowe la moto. Ukungu ndio unaomfanya mnunuzi akatae gunia zima. Na unajua huku kakao tunaigeuza kwa miguu, tunaburuza nyayo katikati ya punje zikauke sawasawa. Kufika Jumapili, kanisani wananisema, eti kakao ya Atupele ina ukungu wa kucha. Ambrose akaniletea soksi za mpira wa miguu mbele ya watu: "Shemeji, ama vaa hizi, ama sakafu niishike mimi." Watu wakacheka. Nikamjibu, "Basi nitafutie na goli."

Sakafu ile nani aliijenga? Marehemu aliacha uwanja wa matope. Mifuko kumi na saba ya saruji niliisukuma kwa baiskeli kutoka Kyela mjini, mmoja mmoja, safari kumi na saba. Ambrose hakubeba hata ndoo ya mchanga. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe na kila mtu auze kwa amtakaye, ndipo macho yake yameiona.

Halafu pale mwishoni mwa barua yako, kwa maandishi madogo, umeuliza natumia nini, maana na wako umeanza njano. Haya, mgonjwa mwenzangu. Loweka mguu ukucha ulainike, ukate mfupi, usugue juu kwa tupa ya kucha ambayo hutamwazima mtu. Jioni changanya siki kikombe kimoja na maji ya uvuguvugu viwili, tumbukiza mguu kwa muda wa kusonga ugali, suuza, kisha futa mpaka katikati ya vidole pakauke. Kukausha ndiko kazi kubwa, siki inasaidia tu. Kitunguu saumu nilikiponda nikakifunga usiku kucha, kikaniunguza ngozi, usithubutu. Viatu vianike juani. Wala usingoje muujiza: ukucha ulioharibika haurudi, unangoja mpya usukume kutoka shinani, na hiyo ni miezi. Pakivimba au pakiuma, au kama una ugonjwa wa sukari, achana na siki uende hospitali. Wangu umeshaota safi theluthi moja.

Jumanne alikuja Mansuri, kijana wa mjini anayenunua kakao. Ambrose alikuwa ameshamnong'oneza. Nikamwambia Mansuri achague punje mwenyewe, popote kwenye sakafu, azipasue kwa kisu chake. Akapasua hamsini. Ndani kahawia tupu. Akamgeukia Ambrose: "Mzee, ukungu mimi naupata kwa wanaoanika chini kwenye udongo. Wewe unaanika wapi?" Shemeji akaanza kuongelea mvua.

Nikupe na upande wa pili, wewe peke yako. Mguu nimeutoa kwenye kakao. Kitu cha kuliwa na watu hakikanyagwi na ukucha mbovu, hapo Ambrose alisema kweli, ila raha ya kumwambia hivyo simpi. Fundi Zebedayo amenichongea reki ya mbao, nageuza nikiwa pembeni, na kazi inakwenda haraka zaidi.

Jana Ambrose kaja na magunia yake. Eti kwa kuwa sikanyagi tena, sakafu haina mtu. Nikamwambia, "Shemeji, mguu ulikuwa wa kugeuzia tu. Mwenye sakafu ni mimi mzima." Magunia kayarudisha kichwani. Kwa hiyo, dada, usiniandikie tena habari ya kumwachia. Niandikie ukucha wako unaendeleaje.

Mama anakusalimu sana, na mwanangu Lameck pia. Mfikishie salamu baba Jubilate, na Jubilate mwenyewe mbusu. Mungu awalinde, awape huko mvua ya kutosha, maana huku imezidi.

Ni mdogo wako akupendaye, na asiyehama sakafuni kwake,

Atupele