Koti Jekundu la Clifford Thackray

Mwaka umetimia, Clifford, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Jumanne hospitalini, chai yako ikiwa bado ya moto. Nilitaka kukuandikia maneno matamu kama wenzangu wanavyowaandikia waume zao kwenye ukurasa huu wa kumbukumbu. Machache yatakuja. Lakini nina hasira nawe, na gazeti zima lisikie.

Ulikuwa fundi wa mabasi siku tano kwa wiki na askari wa Mfalme, wa kuigiza, siku mbili. Miaka ishirini na sita ulinikokota kila Agosti mpaka uwanja wa Harlby kwenye maonyesho ya vita vya zamani: Warumi asubuhi, Wavikingi saa sita, ninyi wa mikuki mirefu saa nane, na jioni wale wa vifaru vya mwaka arobaini na nne. Koti lako la sufu nyekundu ulilishona kwa mkono, majira yote ya baridi, juu ya meza niliyotaka kupakulia chakula. Mgeni akija kikosini na saa mkononi, kitu ambacho enzi zile hakikuwapo, ulimwuliza, "Hiyo umeuziwa na Mfalme?" Akaivua huku anacheka.

Na ulikuwa mwema. Pale hakuna anayependa kufa mapema, maana utalala kwenye nyasi nusu saa nzima wenzako wakipigana. Wewe ulikufa wa kwanza kila mwaka ili wageni wa kikosi wafaidi vita.

Kila mwaka ulisema, "Nizikeni na koti langu." Ulipofariki nilipekua kabati, dari, gari. Nikampigia Lionel Pask, rafiki yako na mkuu wa kikosi. "Sijui liko wapi, Glenys. Pole sana." Tukakuzika na suti ya kijivu uliyovaa kwenye harusi ya binti yetu Imogen, ile iliyokukaba shingo. Mwaka mzima nimekuwa nikikuomba radhi.

Agosti hii Imogen akasema, "Twende, Mama, tukamkumbuke Baba." Tukaenda na sandwichi za yai na chupa ya chai. Saa nane mizinga ikalia, na askari mmoja mnene akaanguka wa kwanza. Kwenye kiwiko chake cha kushoto nikaona kiraka cha buluu, cha sketi ya shule ya Imogen. Kiraka hicho nilikishona mimi.

Nikaivuka kamba ya kuzuia watazamaji.

"Mama mwenye jaketi la njano," kipaza sauti kikasema, "tafadhali toka uwanjani!" Watazamaji wakapiga makofi, wakidhani mimi ni mjane wa mchezo. Mjane nilikuwa, tena wa kweli.

"Lionel, inuka!"

"Glenys," akanong'ona, macho kayafumba, "nimekufa, siwezi kuongea."

"Utakufa kweli leo! Koti la mume wangu umelitoa wapi?"

Akaketi. Vita vikasimama. "Alinipa mwenyewe, wiki ile ya mwisho. Alisema koti ni la kuvaliwa, si la kufukiwa. Akaniapisha nisikwambie mpaka azikwe."

"Na alipokwisha kuzikwa?"

"Nikakuogopa."

"Mtu mzima, na mkuki wako!"

"Hata na mkuki, Glenys."

Alikuwa ameliongeza kiunoni. Kwa cherehani, Clifford! Hata rangi ya uzi haikufanana. Nikamwambia avue, akavua mbele ya umati wote ule, akabaki na shati.

Kwa hiyo ulijua kuwa unakufa. Uliniomba nikurekebishie mto, ukaniuliza kama nimekula, na hilo hukulisema. Lionel alistahili kujua. Mimi niliyelala nawe miaka thelathini na tisa sikustahili. Nimeililia shingo yako mwaka mzima, kumbe uliyataka mwenyewe.

Koti ninalo. Nimeufumua ule mshono wa cherehani. Lionel amepiga simu mara tatu, kwa adabu, akisema ndivyo ulivyotaka. Silitoi. Kama una neno, Clifford, njoo uniambie mimi.

Wanaokukumbuka: mkeo Glenys, binti yako Imogen na mumewe Duncan, dada yako Avis, wenzako wa karakana, na Lionel Pask, ambaye Imogen ameniomba nisimfute.

Hatutakusahau kamwe. Mimi hasa.